Kabla Hujasomea Ubongo, Nisikilize Dada Yako

Juzi nikiwa kwenye foleni ya feri Likoni, Mombasa, simu ililia. Ujumbe wa msichana wa Mtongwe, amemaliza kidato cha nne: “Shikamoo dada. Nimeambiwa ulisomea ubongo Uingereza. Nami nataka nyurobaiolojia. Lakini baba anauliza, kazi iko?”

Nilisoma mara tatu. Feri ikaja, ikajaa, ikaondoka, nami bado natafuta jibu. Babake ana haki ya kuuliza. Babangu mimi hakuuliza. Aliuza kiwanja cha Mtwapa kujazia pale ufadhili ulipoishia.

Somo lenyewe, elimu ya neva na ubongo, lilinipata jikoni kwa bibi, Mji wa Kale, japo sikujua wakati ule. Bibi akisafisha ngisi: anachomoa kichwa, anavuta ule uti mwembamba mithili ya plastiki, anakiondoa kifuko cha wino polepole kisije kikapasuka. Miaka baadaye, muhula wa kwanza chuoni, mwalimu akatundika picha ya mnyama ukutani. Nikacheka peke yangu. Ngisi!

Kumbe kwenye ile nyama, upande wa ndani, mnapita nyuzi za neva ambazo nene kuliko zote hufika hata milimita 1. Unaziona kwa macho. Za binadamu, bila hadubini, huoni kitu. Ngisi akishtuka, neva hiyo hukaza mwili wake kwa pamoja, maji yanaruka, naye keshatoroka. Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliingiza elektrodi, waya mwembamba wa kupimia umeme, ndani ya uzi huo, na mwaka 1952 wakatoa hesabu za jinsi sodiamu inavyoingia na potasiamu inavyotoka ujumbe unapopita. Mwaka 1963 wakapewa Nobel, pamoja na John Eccles. Nilimpigia bibi simu nikamweleza yote hayo kwa pupa. Akanyamaza kidogo, akauliza: “Na huyo ngisi, walimla baadaye?”

Miaka iliyobaki nairuka. Baridi, mikate, mitihani. Nilitoka na daraja la kwanza, na nalitaja makusudi, kwa kuwa wapo waliosema nitarudi mikono mitupu.

Basi nikarudi. Harusini nikawa naitwa “daktari”, nami, Mungu anisamehe, sikuwa nikikanusha. Hospitali moja ikaniita kwenye mahojiano. “Wewe ni daktari wa ubongo?” Hapana. “Mtaalamu wa maabara?” Hapana, sijasajiliwa na bodi yao, maana shahada yangu si ya maabara za tiba. “Sasa wewe ni nani hasa?” Mmoja wao akacheka. Miaka sita imepita, na kicheko kile nikikisikia sokoni leo nitakitambua.

Miezi kumi na minne nikauza vigae dukani kwa ami yangu, Kongowea. “Daktari” likapungua, kisha likakoma kabisa.

Kwa hivyo mdogo wangu, hapa ndipo nataka unielewe. Shahada hii haina leseni nyuma yake. Ya udaktari inayo, ya uuguzi inayo, hata kufundisha shule za serikali kuna usajili wake. Yako haitakufungulia mlango kwa jina lake. Kitakachokulisha ni kile unachoweza kufanya kwa mikono: kupima, kuandika programu za kompyuta, kuchambua data. Jifunze programu. Wenzangu wa darasa lile, wengine wako kwenye kampuni za dawa, wengine walianza udaktari upya, wengine hawagusi ubongo, ni watu wa data tu na wanalipwa vizuri kunishinda. Narudia: jifunze programu mapema, usingoje mwaka wa mwisho kama mimi.

Mimi iliniokoa kazi ya mradi wa utafiti wa kifafa, Kaunti ya Kilifi. Kazi yangu ni kupima umeme wa ubongo wa watoto. Wiki ya kwanza elektrodi zilikuwa zinateleza kichwani, hazishiki, natoka jasho, mashine inachora upuuzi. Mama mmoja akanitazama akasema kwa upole, “Mwanangu, nimempaka mafuta ya nazi asubuhi.” Kila mama alikuwa amempaka wake, apendeze kwa wageni. Sasa tunawaambia mapema: mwosheni nywele, msipake kitu. Chuo kizima hakuna aliyenifundisha hilo. Wala kukaa na nyanya anayeamini degedege ni ndege aliyepita juu ya mtoto, ukamsikiliza hadi mwisho kabla ya kufungua mdomo kuhusu neva.

Nanyi mnaokimbilia kozi kwa sababu jina lake linajaza kinywa, mwogopeni Mungu, wazazi wanauza viwanja. Na mnaosema sayansi isiyo ya hospitali ni kupoteza wakati, nendeni mkawaambie akina mama wale.

Nilimjibu yule msichana nikiwa tayari ng’ambo ya pili. Nikamwandikia haya yote, marefu kuliko haya. Akauliza jambo moja tu: aanze na kitabu gani? Nikamwambia aende soko la samaki, anunue ngisi mzima, amkataze muuzaji kumsafisha.

Jana jioni akanitumia picha. Sinia jeusi tititi kwa wino, na nyuma yake mzee mwenye kikoi, kisu mkononi, ameinama anachungulia.