Mswada wa Filamu Husomwa Mara Mbili

Watayarishaji wa filamu hapa Nairobi huniletea miswada ambayo bado haijapata mtu wa kuitengeneza, wakitaka kujua mambo mawili: iwapo hadithi imeandikwa vizuri, na iwapo fedha zitakazowekwa humo zina njia ya kurudi. Wengi wao hutarajia jibu moja kwa maswali yote mawili. Ushauri wangu kwa yeyote anayeanza kazi hii ni kwamba ausome mswada kwanza kama hadithi, auweke kando, kisha ausome upya kama bajeti. Na pale ambapo usomaji wa kwanza na wa pili unagongana juu ya onyesho lilelile, atulie hapo, kwa kuwa mara nyingi onyesho lenye gharama kubwa na faida ndogo ni onyesho ambalo mwandishi hakulifikiria vya kutosha.

Usomaji wa kwanza naufanya kwa mkao mmoja, bila kalamu, simu ikiwa imezimwa. Ukurasa mmoja wa mswada uliopangwa ipasavyo hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, kwa hiyo anayesoma kwa vipande vya siku tatu hawezi kujua mtazamaji atachoka wapi. Ninachokitafuta ni mhusika mkuu anataka nini, nani anamzuia, na ni katika ukurasa gani nilianza kumjali. Nikifika ukurasa wa 25 na bado siwezi kusema kwa sentensi moja hadithi hii ni ya nani, najua kwamba kilicho mbele yangu ni mfululizo wa matukio tu. Majibizano nayasoma kwa sauti. Mama anayeuza mitumba Gikomba akizungumza kama msomaji wa taarifa ya habari, au kijana wa Eastlands akitumia Sheng iliyotungwa na mtu ambaye hajawahi kushuka kwenye kituo cha matatu huko, sikio hugutuka hata kabla ya kujua sababu.

Kalamu huingia katika usomaji wa pili. Nitatoa mfano wa mswada mmoja, nikibadilisha mahali na mambo kadhaa, maana siri ya mswada ni ya mwenyewe. Mjane wa Kariobangi anataka kurudishiwa matatu ya marehemu mumewe, ambayo mshirika wake wa biashara ameishikilia. Katika ukurasa wa 3, jua likiwa linazama, matatu inabingirika kwenye Barabara ya Thika, umati unakusanyika na mume anafariki. Mwandishi alitumia mistari michache tu, lakini nilipoanza kuandika pembeni kile ambacho mistari hiyo inadai, nafasi haikunitosha: kufunga sehemu ya barabara, leseni ya filamu, ruhusa ya kaunti, polisi wa kuelekeza magari, gari la kuharibiwa na jingine la akiba, waigizaji wa michezo ya hatari, gari la wagonjwa la kusubiri, na umati wa kulipwa na kulishwa. Zaidi ya hayo, alichagua machweo, na kwetu huku karibu na ikweta jua halikawii kuzama. Mwanga huo hudumu dakika chache, na mkikosa picha moja mnarudi kesho na watu walewale wote.

Nilirudi basi kwenye swali la hadithi: je, mtazamaji anahitaji kuiona ajali hiyo? Hadithi yenyewe ilianza ukurasa wa 11, mjane alipofungua mkoba wa marehemu akakuta hati ya umiliki wa gari yenye jina la mshirika peke yake. Habari ya kifo ingeweza kumfikia kwa simu usiku, chakula cha mume kikiwa bado kimefunikwa mezani, nasi tungejua yale tu anayoyajua yeye, tukalazimika kuyapima maneno ya mshirika anapokuja kusimulia yaliyotokea barabarani. Kuliondoa onyesho hilo kulimpunguzia mtayarishaji gharama, na papo hapo kukaipa hadithi taharuki ambayo haikuwa nayo.

Kupunguza si sheria, hata hivyo. Mswada huohuo ulikuwa na mkutano wa chama cha wenye matatu, watu 60 ukumbini, ambapo mjane anavunjiwa heshima hadharani. Mtayarishaji alitaka mkutano huo uhamishiwe ofisini ubaki na watu watano. Nilimwandikia auache ulivyo, kwa kuwa fedheha hiyo ilihitaji mashahidi, na ukumbi mmoja wakati wa mchana hauwezi kulinganishwa na barabara kuu jioni. Mtu anayehesabu waigizaji bila kuuliza wanafanya nini ndani ya onyesho hajausoma mswada; amesoma orodha ya malipo.

Baada ya gharama huja soko, na hapa watu wengi hujidanganya kwa neno la jumla, kwamba filamu itapendwa na kila mtu. Mimi huuliza nani atainunua kwanza. Kumbi nyingi za sinema za katikati ya jiji zilifungwa, baadhi zikageuzwa makanisa, na zilizopo leo zimo zaidi ndani ya maduka makubwa, ambako filamu yako itashindania saa za jioni na filamu za Marekani. Runinga nayo ina masharti yake: kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, vituo vinatakiwa kuonyesha vipindi vinavyofaa familia nzima, kwa hiyo mswada uliojaa damu na matusi hupoteza saa ambazo watangazaji wa biashara wanazipenda zaidi. Msomaji makini hukadiria mapema filamu itapewa daraja gani na Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Filamu ya Rafiki, ya mwongozaji Wanuri Kahiu, inayosimulia mapenzi ya wasichana wawili, ilipigwa marufuku nchini mwezi Aprili 2018, ikaonyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwezi uliofuata, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikairuhusu kuonyeshwa hapa kwa siku 7 tu. Hilo halisemi chochote kuhusu ufundi wake, lakini mtayarishaji mwenye mswada wa aina hiyo anapaswa kuambiwa waziwazi kwamba asitegemee mapato ya nyumbani, na kwamba wafadhili na wanunuzi wa nje ndio atakaozungumza nao kwanza.

Lugha pia ni swali la biashara. Sheng nzito huipa filamu ukweli wa mtaa, lakini huchakaa haraka, na huwaacha nje watazamaji wa Mombasa na Dar es Salaam ambao filamu ya Kiswahili cha kawaida wangeielewa bila maandishi ya chini ya picha. Simwambii mwandishi aiondoe. Namwambia mtayarishaji aijumlishe katika hesabu.

Haki huchukua dakika chache kuzikagua. Kama hadithi imetokana na riwaya, omba kuona ruhusa iliyoandikwa, kwa maana chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kazi ya maandishi hulindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kama imetokana na maisha ya jirani, uliza kama jirani anajua.

Ripoti yangu haizidi kurasa nne: muhtasari, maoni kuhusu ufundi, maoni kuhusu gharama na soko, kisha uamuzi. Nimefuata desturi ya wasomaji wa Hollywood ya kutoa uamuzi wa aina tatu, yaani kukataa, kuufikiria, au kupendekeza, na ya kumpima mwandishi kando na mswada wake. Sehemu hiyo ya mwisho hupuuzwa sana hapa kwetu. Mswada wa yule mjane niliupa alama ya kufikiriwa, lakini mwandishi wake nilimpendekeza bila kusita, nikamshauri mtayarishaji amlipe kwa rasimu ya pili na amwombe pia lolote jingine alilonalo, kabla mtayarishaji mwingine hajampigia simu.