Ng'ombe hatoki nje, chanjo ya ndigana ya nini?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nafuga hapa Tengeru, ng'ombe mmoja wa maziwa anayenipa lita 12 kwa siku, na mtamba wake wa mwaka mmoja. Mtaalamu anataka shilingi 25,000 amchanje mtamba ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe. Baba watoto anasema ng'ombe hawatoki bandani na kupe tunawapulizia dawa, hela hiyo tununue pumba. Maziwa nauza 1,000 kwa lita. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba, mama. Muulize baba watoto majani mnakata wapi. Kama ni kando ya mfereji wanakopita ng'ombe wa watu, kupe anaingia bandani ndani ya mzigo wa majani. Nimewatibu mitamba wasiojua hata geti la nyumbani kwao, tezi ya chini ya sikio imevimba kama limau, wanahema mdomo wazi.

Sasa hesabu. Hiyo 25,000 ni maziwa ya siku mbili na ushee. Unalipa mara moja, na kinga hukaa miaka, mara nyingi maisha yote. Akiugua, buparvaquone, dawa ya kutibu ndigana kali, ni mililita 1 kwa kila kilo 20 za uzito wake. Mtamba wa kilo 200 anachomwa mililita 10, na mara nyingi sindano hurudiwa baada ya siku mbili. Kaulize bei dukani, weka na nauli ya mtaalamu. Na hapo ni kama umewahi. Akishaanza kutoa povu puani, mara nyingi unalipia dawa na mtamba unamzika.

Ila baba watoto ana hoja kwenye dawa ya kupe: msiiache. Chanjo hii haizuii ndigana baridi wala mkojo damu, na zote huletwa na kupe. Anayekuuzia chanjo kwa ahadi kwamba utaacha kupulizia anakudanganya.

Bei mnaweza kuipunguza. Chanjo ni vimelea hai, hutunzwa kwenye mtungi wa naitrojeni, na mrija mmoja wa chanjo unatosha ng'ombe wengi. Ukishayeyushwa lazima uishe ndani ya saa chache. Kusanyeni ndama na mitamba ya majirani siku moja, ndipo mpatane. Mwenye homa au aliyedhoofu asubiri.

Chukua namba ya mtaalamu, maana wachache hupata homa wiki ya pili au ya tatu. Hereni atakayovalishwa mtamba kuonyesha amechanjwa msiing'oe. Minadani huku kaskazini wanunuzi huiangalia, na huiongezea bei.