Kabla ya Kununua Kiwanja Pembezoni, Uliza Kodi za Nyumba

Jijini Dar es Salaam, aliyeshindwa bei ya viwanja vya Mbezi Beach huenda Goba na Madale, naye anayekuta Madale pameshapanda husogea Bunju, na wengi wakifanya hivyo miaka mfululizo, bei nayo husogea pamoja nao hadi Mapinga na Kerege, ambako tayari ni mkoa wa Pwani. Nilipokuwa nikitafuta kiwanja upande huo, karibu kila dalali alinitajia bei ya eneo la jirani kabla ya kunieleza lolote kuhusu kiwanja chenyewe.

Usikubali ulinganisho huo kabla hujaulizia kodi za nyumba. Bei ya kiwanja hubeba matumaini, na muuzaji asiyebanwa na shida anaweza kuishikilia kwa miaka, lakini mpangaji hulipia kilichopo leo: maji, umeme, usafiri, shule, na muda wa kufika kazini. Kwa hiyo mimi huwauliza mama lishe na vijana wa bodaboda chumba na sebule kinapangishwa kwa kiasi gani, na kilikuwa kiasi gani miaka miwili iliyopita. (Mjumbe naye hujua, ila wakati mwingine ana maslahi katika mauzo.) Ikiwa ardhi imepanda sana ilhali kodi hazijatikisika, unauziwa bei ya jirani, si ya mahali hapo.

Umbali wa kwenye ramani nao hudanganya. Kigamboni inatazamana na katikati ya jiji, lakini mpaka daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016, aliyekaa huko alitegemea kivuko au mzunguko mrefu kupitia Kongowe, na hata baada ya daraja, wenye magari walilipa tozo. Kwa upande wa barabara ya Morogoro, upanuzi kati ya Kimara na Kibaha ulitanguliwa na bomoabomoa ya mwaka 2017 kwa nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Kwa hiyo anayevutiwa na barabara inayokuja ahakikishe kwanza mipaka ya hifadhi hiyo.

Dodoma ni habari nyingine kabisa. Bei za huko hazikusukumwa na watu waliohama mtaa kwa mtaa, bali na tangazo la Julai 2016 kwamba Serikali inahamia huko, likifuatiwa na watumishi waliohitaji pa kulala. Hata hivyo, Dar es Salaam imebanwa na bahari upande mmoja na mabonde yanayofurika kama la Msimbazi, ilhali Dodoma ina ardhi pana, na jiji limepima na kuuza viwanja vingi. Mahitaji yaleyale yanapokutana na viwanja vingi, bei haiwezi kupaa kwa muda mrefu. Anayenunua karibu na Mtumba, ulipo mji wa Serikali, kwa nia ya kuuza baadaye aulize ni viwanja vingapi vilivyopimwa jirani bado havijajengwa, kwa sababu wamiliki wa viwanja hivyo ndio atakaoshindana nao siku ya kuuza.