Pilipili si chungu, jamani

SWALI: Mwanafunzi wangu kaandika, "Uchungu wa pilipili hurithiwa." Nikamkata alama, mzazi wake kaja juu. Nani kakosea? Na je, hoho ni pilipili kweli ilhali haiwashi? (Mwalimu wa biolojia, Morogoro)

JIBU: Hukukosea, Mwalimu. Mimi ningekata mbili, na ya tatu ningemkata mzazi.

Uchungu ni wa shubiri, wa mwarobaini, wa ile klorokwini tuliyomezeshwa utotoni huku tumebanwa pua. Aliyewahi kuitafuna klorokwini anaujua uchungu: uso unakunjamana, ulimi unasusa, mate yanatafuta pa kutemwa. Je, alihema mdomo wazi? Alijipepea ulimi kwa kiganja? Alitokwa jasho utosini, kamasi na machozi vikishindana kufika kidevuni? Hayo ni ya pilipili kichaa. Anayeziita zote mbili chungu, basi siku akiugua malaria tumpe kachumbari.

Pilipili huwasha. Wahenga waliuliza, "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Hawakuuliza yakuchungiani. Na kitenzi ni kilekile cha kuwasha jiko na kuwasha taa, nacho kinasema kweli kuliko wanaokikimbia. Kapsaisini, kemikali iliyomo kwenye pilipili, hushika kipokezi kiitwacho TRPV1, ambacho kazi yake ni kuhisi joto la kuunguza. Ubongo unaletewa habari kwamba mdomo unaungua. David Julius na wenzake walikitambua kipokezi hicho mwaka 1997, na 2021 akatunukiwa Nobel. Uchungu una vipokezi vyake, mbali na hivyo. "Ukali" nao naukubali, ingawa neno lenyewe limeelemewa: jua, mbwa, siki, mama mkwe.

Lakini "hurithiwa" kijana kapatia; mrudishie nusu alama. Kuna jeni iitwayo Pun1, na bila hiyo kapsaisini haitengenezwi. Katika hoho, kipande kikubwa cha jeni hiyo kimekatika. Kila mche hupata nakala mbili za jeni, moja kwa kila mzazi, na moja nzima inatosha kuwasha, kwa hiyo ukichavusha hoho kwa pilipili kali, watoto wote watawasha; ukiwazalisha wao kwa wao, takribani mmoja kati ya wanne hurudia upole wa bibi yake. Ndiyo maana simwelewi anayelalamika kwamba hoho zake zimekuwa kali msimu huuhuu kwa kupakana na pilipili za jirani. Nyama ya tunda ni ya mama. Chavua ya jirani huingia kwenye mbegu, na vituko vyake utaviona ukizipanda.

Kwa hiyo ndiyo, hoho ni pilipili, tena ni spishi moja na nyingi za zile zinazowasha. Neno "pilipili" asili yake ni Kisanskriti, nalo lilikuwa la jamii ya pilipili manga. Hizi nyingine zilitoka Amerika zikapewa jina la mwenyeji.

Kinachoniuma ni kwamba kamusi za zamani zinatafsiri "pilipili hoho" kuwa ile nyekundu inayowasha. Leo sokoni ni hili jitu la kijani, tupu ndani. Zanzibar huliita pilipili boga, jina ninalolionea wivu. Nimeipigania hoho ya kale miaka mingi. Siku hizi mke wangu akinituma hoho, naleta hoho.