Barua kwa binti yangu wa Kolwezi, juu ya ile baiskeli

Mama,

Ujumbe wako wa sauti umenifikia. Nakujibu kwa kalamu kwa sababu ukinipa simu nirekodi nasahau nilichotaka kusema. Mdogo wako ataipiga picha barua hii akutumie. Umeuliza: "Baba, baiskeli naipenda, lakini zamu ya maabara ni masaa kumi na mawili, na bado kuna basi la kwenda mgodini na kurudi. Nafika nyumbani kazi imenimaliza, sina nguvu hata ya kuvua viatu. Wewe ulifanyaje ukaendelea? Au niiuze tu kwa huyu mwenzangu anayeitaka?"

Mama yako alikuwa jikoni, akasikia, akajibu kabla yangu: "Mwambie alale." Yeye amemaliza. Mimi sijamaliza.

Kwanza nataka kujua umechoka nini. Sisi tuliofanya kazi ya tanuru tulijua kwamba uchovu si mmoja. Shaba inayeyuka kwenye digrii 1,085, na wewe umesimama karibu yake na nguo nzito usiku kucha, jasho linashuka mpaka kwenye soksi. Asubuhi unadhani umekwisha kabisa, kumbe mwili unadai maji na chumvi. Mama yako alikuwa ananiwekea jagi la maji yenye chumvi kidogo na sukari, na bukari, yaani ugali, ya jana iliyochomwa kwenye makaa. Nikishamaliza hivyo viwili, yule mtu aliyeingia mlangoni akijikokota hayupo tena. Basi kabla ya kusema kazi imekumaliza, niambie unakunywa nini mchana kutwa huko maabara. Kahawa haihesabiwi.

Halafu kuna ule wa kichwa, ambao nadhani ndio wako: sampuli, namba, mkubwa amesimama nyuma ya mgongo wako anangoja matokeo. Ule kitanda hakiutoi. Unalala nao, unaamka nao. Ule unatolewa na barabara, na hapo mimi na mama yako hatujawahi kuelewana.

Lakini usingizi ni jambo lingine, na hapo mama yako ana haki. Mtu mwenye usingizi asipande baiskeli. Barabara za huko zimejaa malori ya shaba na kobalti, dereva naye pengine hajalala, na vumbi la kiangazi linafanya msionane mpaka mmekaribiana. Ukitoka zamu ya usiku, lala kwanza. Hilo nakuambia kama baba, si kama mshauri.

Najua utacheka. Utasema, nani anayesema haya? Si ni wewe wa Mei Mosi? Haya, ni mimi.

Mmeisikia hiyo habari, lakini mmeisikia kwa mama yako, na yeye anaanzia mwisho. Kampuni iliandaa mbio za wafanyakazi, kutoka hapa Lubumbashi mpaka Kipushi na kurudi, karibu kilomita sitini kwa jumla. Mimi nilikuwa zamu ya usiku. Nimetoka saa kumi na mbili asubuhi, mbio ni saa mbili. Mama yako akafunga baiskeli kwa mnyororo na kufuli, akauweka ufunguo alikojua yeye. (Dada yako mkubwa alinionyesha. Alikuwa mdogo, na bado hajasamehewa.) Ilikuwa ile baiskeli ya chuma niliyoinunua kwa fundi Mbelgiji aliyekuwa anarudi kwao, ile yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Watoto wa mtaa wa Katuba walikuwa wananiita Merckx, yule bingwa wa baiskeli wa Ubelgiji, na mimi nilikuwa najifanya sipendi.

Kwenda Kipushi nilikaa katikati ya kundi, nimejificha upepo. Kurudi, jua limepanda, watu wakaanza kubaki nyuma mmoja mmoja, mwisho tukabaki wawili: mimi na yule bwana wa idara ya umeme, unamjua, ndiye aliyekuja na mbuzi kwenye harusi yako. Tulipoingia mjini hatukusemezana tena. Nasikia pumzi yake hapa, kwenye bega la kushoto. Mbele pamechorwa mstari wa chokaa, na mwamuzi mkuu amekaa kwenye kiti cha plastiki, miwani puani, bendera mkononi. Nikasimama juu ya pedali. Nikamtangulia. Mama, nilimtangulia kwa gurudumu zima, si kwa spoki mbili tatu.

Na wakati huohuo gari la mkurugenzi likafika. Mwamuzi akainuka, akageuka, akavua kofia kusalimia. Alipogeuka tena sisi tumeshapita. Akauliza watu, "Nani?" Watu wa umeme walikuwa wengi siku ile kuliko watu wa tanuru. Basi.

Mshindi alipewa redio. Wa pili alipewa beseni. Lile beseni la maua mekundu ambalo nyote mliogeshwa humo, na ambalo mpaka leo mama yako anaoshea sombe, yale majani ya muhogo, mlidhani limenunuliwa sokoni? Kila nikiliona nasikia ile redio ikiimba nyumbani kwa mtu mwingine. Yeye naye tukikutana baada ya misa ananiuliza, "Beseni bado zima?" Namwambia, "Redio je?" Redio ilikufa zamani, Mungu anajua kwa nini.

Nimefika wapi? Ndiyo. Wewe unauliza nilifanyaje nikaendelea. Siku zote nimewaambia kwamba baiskeli si kazi ya pili. Ulipokuja Noeli ulinionyesha programu ya simu inayokuhesabia kilomita, inakupigia kengele kwamba wiki hii hujatimiza, na wenzako wanaona. Nilinyamaza kwa sababu wageni walikuwepo. Sasa nasema: umetoka kwa mkubwa wa mgodi, ukajitafutia mkubwa mwingine wa mfukoni. Ndiyo maana unachoka kabla hujapanda.

Unakumbuka barabara ya Kipushi Jumapili zile, wewe umekaa kwenye fremu mbele yangu? Unakumbuka wale wauza makaa? Magunia yamepangwa mpaka yamewapita kichwa, wanaisukuma baiskeli kwenye mwinuko, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika fimbo iliyofungwa nyuma ya kiti, viatu vya mpira vimekatika. Wametoka porini gizani ili sisi wa mjini tupike. Uliniuliza kwa nini hawapandi. Hao ndio wenye haki ya kusema baiskeli imewachosha, maana kwao ni kazi ya kwanza. Sisi wengine, siku hujisikii, iache ukutani, hakuna atakayelala njaa. Baiskeli si kazi ya pili.

Utanijibu: Baba, mtu asiyeifanya kazi anapandaje kilomita sitini baada ya zamu ya usiku, na anakasirikaje miaka yote hii kwa ajili ya redio? Nimelifikiria. Sina jibu zuri. Labda siku ile nilitaka mtu mmoja tu wa ofisini aone kwamba mimi si mkono wa kushika koleo peke yake. Labda nilitaka redio. Lakini wiki iliyofuata sikuigusa baiskeli kabisa, na hakuna kengele iliyonipigia. Nilipoirudia, niliirudia kwa hamu.

Tumetazama Kigali mwezi wa Septemba, 2025, pale kwa jirani mwenye televisheni kubwa. Mashindano ya dunia ya baiskeli, mara ya kwanza kufanyika Afrika, nami nimeishi nikaona. Siku ya wanaume ilikuwa kilomita 267.5, vilima juu ya vilima, akashinda yule Mslovenia, Pogačar. Lakini mimi nilikuwa nawatazama wanaoshuka baiskeli na kuacha mbio. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu! Wengine wote, watu ambao mshahara wao ni kupanda baiskeli na hawana zamu ya maabara, walifika mahali wakasema inatosha leo. Sikusikia hata mmoja akitangaza kuuza baiskeli.

Sasa ya mikono, maana hayo ndiyo niyajuayo. Iko wapi baiskeli yako? Ukisema iko stoo, chini ya maboksi, nitaelewa kila kitu. Iweke karibu na mlango, mipira imejaa. Mipira inapungua upepo yenyewe hata kama huipandi, na mtu aliyechoka akikuta mpira umelala hatatafuta pampu, atatafuta kiti. Mnyororo uoshe kwa kitambaa na mafuta ya taa kidogo, uukaushe, halafu tone la oili nyepesi kwenye kila pingili na ufute inayobaki. Usimruhusu fundi wa kona akumwagie oili chafu ya gari. Pamoja na vumbi la huko itakuwa msasa, na msimu mmoja tu meno ya gia yamekwisha. Mvua zikianza, uufute kila unaporudi, hata kama umechoka. Hasa kama umechoka. Kazi hiyo ndogo nayo inapumzisha, ingawa mama yako anasema huo ni ugonjwa wangu.

Siku za zamu usijidanganye, hutapanda. Subiri mapumziko yenu. Lala siku ya kwanza yote, bila aibu. Ya pili toka alfajiri kabla malori hayajaamka, nenda nusu saa, rudi hata kama miguu inataka kuendelea. Iache na njaa.

Nilifikiria pia uwe unaipanda asubuhi mpaka kituo cha basi la mgodi, uiache kwa muuza duka. Mimi nilikwenda kazini hivyo miaka mingi, nayo ilikuwa nusu ya afya yangu. Lakini hapo itaanza kunuka kazi, nami nimeshasema baiskeli si kazi ya pili. Tena duka linaweza kufungwa mapema. Tena giza. Hapana. Au jaribu wiki moja. Hapana, acha.

Kuhusu kuiuza, sitasema. Wewe ni mtu mzima, fedha zilikuwa zako, na mama yako amenionya nisiingilie. Ukiiuza, iuze kwa bei nzuri, na usimpe na pampu. Ile pampu ni yangu, niliisahau kwako. Ukitaka kuibakiza, dereva wa basi wa Jumamosi atakuletea mipira miwili ya ndani, nimeshainunua, kwa hiyo uniambie mapema ili isikae bure.

Na huyo mwenzako anayeitaka, urefu wake ukoje? Maana fremu ile tulimpimia fundi kwa miguu yako, nikiwa nimesimama hapo mwenyewe. Kama ni mtu mrefu, magoti yatamgonga usukani, atakurudishia kabla ya mwezi na atataka hela zake. Mwulize kwanza.

Baba yako