Waridi dogo si pambo la sebuleni

Msomaji wa Kizingo, Mombasa, ametuma picha: waridi dogo la chungu juu ya meza ya sebule, wiki ya tatu tangu linunuliwe. Majani ya chini manjano, vitumba vimekauka kabla ya kufunguka. Anauliza, aongeze maji? La, asiongeze hata tone. Waridi hilo lina njaa ya jua, na mmea usiopata jua hunywa kidogo, kwa hiyo mizizi inaozea kwenye tope.

Hata likiwa na urefu wa shibiri moja, waridi linataka jua lenyewe kama saa sita kwa siku. Sebule yenye pazia haifiki hapo. Likae nje, mahali panapopigwa na jua tangu saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, kisha kivuli. Jua la alasiri kwenye ukuta wa magharibi huchemsha mizizi, hasa katika vyungu vyeusi vya plastiki.

La dukani mara nyingi si mti mmoja, ni vipandikizi vitatu au vinne vilivyobanwa pamoja. Vitenganishe taratibu, kila kimoja kwenye chungu cha udongo cha sentimita 15 chenye tundu. Changanya udongo mwekundu sehemu mbili, samadi ya mbuzi iliyooza sehemu moja, na makumbi ya nazi yaliyosagwa sehemu moja. Mchanga mweupe wa uani usiutie. Una chokaa ya matumbawe, na chokaa huunyima mmea madini ya chuma: jani changa hugeuka manjano, mishipa ikibaki kijani.

Maji ndiyo kesi kubwa. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na kwa chumvi waridi huungua kingo za majani, kahawia, kama karatasi iliyopitiwa na moto. Kinga maji ya mvua. Ukilazimika kutumia ya kisima, kila wiki mbili pitisha maji matamu chunguni, mara tatu ya ujazo wake, yatoke chini yote. Mwagilia asubuhi, udongoni, pale kidole kikizama hadi pingili ya kwanza na kukuta pakavu. Wakati wa masika lisogeze upenuni, kwa sababu jani likishinda limelowa, madoa meusi hayako mbali. Majani yaliyoanguka uyaokote, jamani, kuvu hulala humo.

Ndani liingie likichanua tu, siku nne au tano, mbali na kiyoyozi. Hewa kavu huita utitiri. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likianza kutembea, ndio wao. Osha chini ya majani kwa maji ya nguvu kila siku ya tatu, mara tatu.

Asiye na roshani atafute taa ya LED, sentimita 25 juu ya mmea, saa 14 kwa siku. Anayeona hilo ni ghali, maua ya plastiki yamejaa madukani.