Kabla ya kulaumu gesi, tazama birika

Wiki yangu ya kwanza na sensa ya mawimbi ya sauti, yaani kifaa cha kunasa gesi, kwenye maabara moja hapa Nairobi, niliandika daftarini kwamba nimenasa mvuke wa asetoni saa nne na dakika tano. Kesho yake, saa nne na dakika tano tena. Siku ya tatu mzee wa maabara alinigusa bega, akanionyesha kwa kidole meza ya pili: birika la chai, linafuka.

Nyinyi mnaoanza, jueni kwamba sensa hii haijui gesi. Ni kipande cha fuwele ya kwatsi kinachotetemeka, kimepakwa utando mwembamba wa polima. Mvuke ukiingia kwenye utando, uzito huongezeka na masafa ya mtetemo, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde (hezi), hushuka. Kwa fuwele ya megahezi 5, kushuka hezi 1 ni kama nanogramu 18 zimetua kwenye sentimita moja ya mraba. Hata pumzi yako itaidanganya.

Kwa hiyo pitisha kwanza hewa kavu kupitia shanga za silika. Zikigeuka kutoka buluu kuwa waridi, zimeshiba maji, zikaushe. Mimi husubiri nusu saa mstari wa masafa utulie, na wenzangu hunicheka. Fuwele ya pili isiyo na utando huwekwa kando ya kwanza ili kuondoa athari ya joto. Inasaidia, lakini watu huiamini kupita kiasi: unyevu ulionyonywa na polima haiuoni kabisa.

Kilichonitesa zaidi ni kimo cha mji wetu. Jedwali la kugeuza masafa kuwa kiasi cha gesi tulilopewa liliandaliwa usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu, na presha ya hewa ni kama hektopaskali 830 badala ya 1,013. Utando hunyonya kwa kufuata presha ya mvuke wenyewe, nayo hushuka pamoja na ya hewa, hivyo sehemu 500 za mvuke kwa milioni za hewa zilisomeka kama 410. Nilibadilisha nyaya, nikapaka utando upya, nikamshuku hata fundi wa stima, maskini. Wiki mbili nzima, na barometa iko ukutani.

Siku hizi kila kipimo nakiandikia presha, joto na unyevu pembeni. Daftari la mwezi ule halina safu hizo. Liko kabatini, halijanifaa kwa lolote.